Brusketa zimelowa na wageni bado wako kwenye jam: tufanyeje?

Jumamosi moja nilialika watu saa kumi na mbili jioni hapa kwangu Ntinda, Kampala, na kwa ujanja wangu nikapanga nyanya juu ya mikate yote saa kumi na moja na nusu ili wakifika wakute kila kitu tayari. Mgeni wa kwanza akaingia saa mbili kasorobo, wa pili akapiga simu ati yuko hapo tu Wandegeya, kumbe ndo kwanza anatafuta boda. Nikainua kipande kimoja nimpe ssenga (shangazi) wangu, kikajikunja katikati kama ulimi wa mbuzi na nyanya zote zikamwagika kwenye gomesi yake, lile gauni lake refu la heshima. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, umenipa kachumbari juu ya mkate uliolowa?" Sikuwa na jibu maana ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo nimeharibu nyingine nyingi na nimejua kila ugonjwa unatoka wapi, kwa hiyo tafuta ulio wako hapa chini.

Ila kwanza tuelewane. Waitaliano wanaandika bruschetta na wanatamka brusketa, ile ch yao ni k, ukisikia mtu anasema brusheta mwache tu ale. Neno limetoka kwa watu wa Roma, bruscare, yaani kuchoma juu ya makaa. Mkate unakatwa slesi nene, unachomwa, unasuguliwa kitunguu saumu, unamwagiwa mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Nyanya ni mgeni aliyekuja kuteka nyumba, zenyewe zilifika Italia karne ya 16 kutoka Amerika. Kule Toscana ile isiyo na nyanya wanaiita fettunta, na raha yake ni Novemba mafuta mapya yakishakamuliwa. Krostini ni wadogo zake, vipande vyembamba unavyomaliza kwa kung'ata mara mbili. Vyote ni chakula cha watu ambao tayari wamekaa mezani wanasubiri, kinatoka motoni kinaenda mdomoni, na sisi tunakipikia watu ambao bado wanaoga. Shida karibu zote zinaanzia hapo.

Mkate umelowa

Huu ndio ugonjwa mkuu. Kabla hujalaumu nyanya, chukua kipande kimoja ukigeuze uangalie tumbo lake. Kama juu kumelowa na chini bado kukavu, kosa ni nyanya. Kama kipande chote kimekuwa kama ngozi, juu chini sawasawa, ukikivuta kinanyumbuka badala ya kuvunjika, hapo nyanya hazina hatia, ni mvuke.

Tuanze na mvuke maana wengi hawaujui. Tosti ikitoka motoni bado ina unyevu ndani, na unyevu huo unatafuta njia ya kutoka. Ukizirundika kwenye sahani zikiwa moto zinatokeana jasho. Ukizifunika na taulo ni hivohivo. Na ukiziweka kwenye hotipoti, dada yangu, hapo umezipika upya kwa mvuke, hotipoti ni ya chapati, kazi yake ni kulainisha. Nilifanya hivo mwaka mzima nikidhani nazitunza zisipoe. Zitoe, zipange moja moja juu ya waya (ule wa ndani ya oveni unatosha, utoe tu nje), ziache zipoe kabisa dakika ishirini hivi, ndo uweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Zikiwa zimepoa vizuri na zimekauka zinakaa mpaka kesho yake bila tatizo, na hata zikinywea kidogo na unyevu wa hewa, hasa kipindi cha mvua, unazirudisha kwenye moto dakika tatu zinaamka.

Sasa nyanya. Nyanya ni maji, na maji mengi yako kwenye ule ute wa mbegu. Kata nyanya nne, kamua ule ute kwa kidole gumba uingie kwenye bakuli pembeni (usiutupe, una ladha kuliko nyanya yenyewe, tia kwenye maharage au kwenye mchuzi), alafu katakata nyama yake vipande vidogo kama punje za mahindi. Weka kwenye chujio, nyunyiza chumvi kijiko kidogo cha chai kwa kama nusu kilo, koroga, acha juu ya bakuli dakika ishirini. Chumvi inavuta maji nje. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilishangaa kuona karibu robo kikombe ya maji mekundu chini ya chujio, nikawaza kumbe haya yote ndo nilikuwa namwagia mkate halafu nashangaa. Ukishachuja ndo unaweka mafuta na vingine.

Na kosa la tatu ni saa. Hata nyanya iliyochujwa inalowesha mkate ukiiacha hapo nusu saa. Dawa ni kutokuunganisha. Mikate kwenye kopo, nyanya kwenye bakuli, na mgeni akishavua viatu na kukaa ndo unapanga, au bora zaidi weka bakuli katikati na kijiko, kila mtu ajipakulie, watu wanapenda kujipakulia na we unapata nafasi ya kukaa. Kama ni lazima upange mapema basi weka ukuta kati yao, kitu chenye mafuta: jibini laini, siagi, au ovakedo iliyopondwa na ndimu. Ukuta huo unakununulia dakika kama kumi na tano, usiutegemee kwa mtu anayetoka Entebbe.

Mkate mgumu, watu wanashika shavu

Huu ni kinyume chake na mara nyingi unatokana na kuogopa ule wa kwanza. Umeikausha slesi nene kwenye moto mdogo muda mrefu ikawa biskuti mpaka katikati. Brusketa inatakiwa ngozi ikauke na tumbo libaki na ulaini, kwa hiyo slesi iwe nene kama sentimita moja na nusu mpaka mbili, moto uwe mkali, nyuzi 200 au zaidi, dakika nane hivi na ugeuze katikati ya safari. Krostini ndio inakauka yote mpaka ndani, ndo maana inakatwa nyembamba, sentimita moja au pungufu. Ukichukua unene wa brusketa ukaupika kama krostini utamvunja mzee meno.

Mkate wa jana ni mzuri, hata wa juzi, ila uliokaa friji siku tatu unakuwa mgumu kwa namna nyingine. Watu wengi hawajui kwamba friji inauzeesha mkate haraka kuliko kabati, wanga wake unajipanga upya na kukaza kwenye ubaridi. Uache nje, au kama ni wa kukaa sana ugandishe kabisa kwenye friza.

Nje imeungua, ndani bado laini kama keki

Hapa mkosaji ni sukari. Mikate yetu mingi ya supamaketi ni mitamu, laini, imetiwa sukari na mafuta, imetengenezwa iende na chai na blubendi asubuhi, na sukari inaungua mapema. Ukiutia kwenye nyuzi 200 unakuwa mweusi kabla haujakauka. Ushauri wangu wa kwanza ni tafuta bageti, ule mkate mrefu mwembamba wa Kifaransa, siku hizi supamaketi nyingi za Kampala zenye oveni yao zinaoka, au mkate wowote wa unga, maji, chumvi na hamira tu. Shika uubonyeze, ukirudi polepole na ganda likilia kidogo, chukua.

Kama umekosa na una ule wa slesi tu, usikate tamaa. Toa maganda ya pembeni, kata pembetatu nne kila slesi, paka mafuta kidogo, oka nyuzi 150 kwa dakika kumi na tano mpaka ishirini, geuza mara moja. Haitakuwa brusketa ya Roma lakini itakuwa krostini inayovunjika vizuri. Utamu utabaki, kwa hiyo weka juu kitu chenye chumvi au ukali, usiweke nyanya za sukari.

Umeme umekata, au sina oveni kabisa

Hii kwangu siihesabu kama shida. Si tumesema jina lenyewe ni la makaa? Sigiri yako ndio kifaa halisi, oveni ndo mbadala. Washa mkaa, subiri mpaka uvae majivu meupe na moshi uishe kabisa, weka waya wa kuchomea nyama, panga slesi, na usiondoke, usiende kufungua geti, usijibu simu, dakika moja kila upande inatosha na sekunde ishirini za ziada ni mkaa juu ya mkaa.

Kama tosti imetoka na harufu ya ajabu, jiulize umewasha sigiri na nini. Wengi tunawasha na kaveera (mfuko wa plastiki) au mafuta ya taa, na mkate ni sponji, unafyonza huo moshi wote. Nimewahi kula brusketa ya rafiki yangu wa kule Kabalagala iliyokuwa na ladha ya mfuko wa plastiki, nikameza kwa heshima. Washa na vijiti vikavu au karatasi, na upe mkaa muda wake.

Kikaango kizito kikavu nacho kinafanya kazi. Bonyeza slesi na sufuria ndogo juu ili igusane na chuma vizuri.

Kitunguu saumu kinawasha, mgeni ananuka mpaka kesho

Ulikikatakata kibichi ukachanganya na nyanya masaa mawili kabla, sivyo? Kile kinachowasha hakimo kwenye punje nzima, kinazaliwa pale unapoikata au kuiponda, na ukiponda ukaacha kinazidi. Waitaliano wanafanya rahisi zaidi: kata punje katikati, sugua ule upande uliokatwa kwenye tosti ikiwa bado ya moto, ukwaruzi wa mkate unakuwa kama kikuno unaisaga. Utaona punje inapungua mkononi. Punje moja kwa slesi tatu au nne, pitisha mara mbili tatu tu. Kama inateleza haisagiki, umepaka mafuta kwanza. Kwa brusketa fuata mstari huu: moto, kitunguu saumu, mafuta, nyanya. Krostini ndio inapakwa mafuta kabla ya moto.

Kingine, na hapa sitanii. Yale mafuta watu wanatia vitunguu saumu vibichi kwenye chupa na kuiweka dirishani ipendeze, usifanye. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria anayependa hali hiyo anatengeneza sumu mbaya sana bila kubadilisha harufu wala rangi. Tengeneza kidogo, weka friji, maliza ndani ya siku tatu nne, kilichobaki mwaga.

Mafuta yanakwaruza koo, au yananuka

Kama yanawasha kooni kidogo kama pilipili na yana uchungu wa majani, hongera, hayo ndo mafuta mazuri ya zeituni, ya mkamuo wa kwanza yako hivo. Kama yananuka karanga za zamani au rangi za watoto za nta, yameharibika, na kosa kawaida ni mwanga na joto. Chupa iliyokaa kwenye shelfu ya juu kabisa karibu na taa, au dukani dirishani juani, iache hapohapo. Nyumbani weka kabatini mbali na jiko.

Na kwa sababu bei yake tunaijua, usiyapoteze motoni. Krostini zipake mafuta ya alizeti kwa kuoka, yale ya zeituni yamwagie mwishoni kijiko kimoja kimoja, hapo ndo watu wanayaonja.

Rehani (yale majani ya basil) imekuwa nyeusi

Umeikata mapema, kwa kisu butu, ukaitia kwenye chumvi, au iliishi kwenye friji. Rehani haipendi baridi, iweke kwenye glasi ya maji kama maua, juu ya meza, na uichane kwa vidole dakika ya mwisho. Sokoni Nakasero inapatikana. Ukiwa mbali na mjini utaona mujaaja karibu kila uani, ni ndugu yake kabisa, ila ana ukali wa karafuu ndani yake, sisi tumezoea kumtia kwenye chai. Naye anafaa, lakini jani moja changa lililokatwa kama uzi linatosha bakuli zima, mimi nilitia kiganja kizima siku moja na ikawa kama tunakula dawa ya meno.

Nyanya hazina ladha

Zilikaa friji. Au zilivunwa mbichi zikaiva kwenye gari. Nunua siku mbili tatu kabla, ziache kwenye sinia jikoni mpaka ubonyeze zikubali, na hata siku ya shughuli zisiingie friji kabla ya kuliwa, ubaridi unaua harufu. Ule unga mweupe unaouona juu yake ni dawa ya ukungu, usiseme nitafuta tu na kanga, osha kwa maji mengi na mikono, na kama umebaki mashimoni karibu na kikonyo menya kabisa.

Zikiwa bado zimepooza, chumvi kwanza, alafu matone ya siki, alafu sukari kidogo sana. Zikigoma, zikate nusu uzichome juu ya sigiri mpaka zikunjamane na pembe zishike weusi. Mimi siku hizi kipindi cha mvua nazichoma tu bila kuuliza.

Zinavunjika, vitu vinaangukia nguo za watu

Vipande vikubwa mno. Mtu amesimama, mkono mmoja ana soda, mwingine anasalimia, hawezi kupambana na slesi ya urefu wa kiganja. Kata bageti kwa mshazari vipande vya kung'ata mara mbili au tatu, katakata topingi ndogo, na usijaze mlima. Ssenga angekuwa na krostini ndogo gomesi ingepona.

Wageni wanaziangalia tu

Inatokea, hasa wazee, wanaona mkate wanajua ni wa chai. Usihubiri Italia. Badilisha kilicho juu. Watu wa Toscana wenyewe krostini yao maarufu ni ya maini ya kuku, na nani hapa anakataa maini? Kaanga kitunguu polepole, tia maini nusu kilo, yaive mpaka katikati lakini yasikauke, ndimu kidogo badala ya ile divai yao, ponda na uma, paka ya moto. Wao wanatia pia samaki wadogo wa chumvi, mi natia kijiko cha mukene (dagaa) wa unga, wachache sana, mtu anauliza hii ladha ni ya nini nakaa kimya. Firigisi usiisage humo kama baba mwenye nyumba yupo, utaulizwa iko wapi.

Na ikiwa ni Novemba wakati Watoscana wanashangilia mafuta yao, sisi tuna nsenene, wale panzi wa kuliwa. Kaanga kavu kwa mafuta yanayotoka kwenye nsenene zenyewe na chumvi na kitunguu mpaka zilie zikitikiswa, paka ovakedo kwenye krostini, panga tano tano juu. Ile sahani haikumaliza dakika kumi, na mjomba aliyekuwa amekataa "mkate wa wazungu" ndo alikuwa anachungulia kama jikoni kuna nyingine.

Kama una wageni Waislamu na unataka kuweka nyama ya nguruwe kwenye nyingine, sahani tofauti, kisu tofauti, na waambie mapema.

Zimebaki

Tosti kavu ambazo hazijaguswa rudisha kwenye kopo. Zilizolowa zichane kwenye bakuli na nyanya zilizobaki, tango, kitunguu, siki na mafuta, Toscana wana saladi kabisa ya hivo inaitwa panzanella na hapo kulowa ndo kunatakiwa. Zikibaki nyanya peke yake mi napiga mayai mawili, namimina nyanya humo, nakunja kwenye chapati, rolex ya Jumapili asubuhi, na ssenga akipita kuchukua gomesi yake aliyoiacha niifue namkatia nusu.